Spishi mpya haigunduliwi baharini

Kila gazeti linapotangaza kwamba wanasayansi wamegundua spishi mpya ya kiumbe wa baharini, picha inayopamba habari ni ya mzamiaji. Kavaa miwani, mapovu yanapanda, nyuma yake matumbawe ya rangi zote. Msomaji anaondoka akiamini kuwa ugunduzi ulitokea palepale: jamaa alizama, akaona kitu, akajua ni kipya. Kwa samaki mwenye rangi za kuvutia macho hilo laweza kuwa na ukweli kidogo. Kwa krasteshia wadogo, hawa ndugu wa kamba na kaa wenye urefu wa milimita mbili au tatu, halina ukweli hata chembe. Mzamiaji hakuona chochote. Alitia kifusi cha tumbawe kwenye mfuko, akapanda nacho juu. Ugunduzi ulikuja baadaye, mezani, pengine mwaka mwingine na nchi nyingine, kwa mtu ambaye huenda hajawahi kulowa maji ya bahari hiyo.

Nalisema hili kwa sababu sisi watu wa kusini mwa Tanzania tunapenda kuambiwa kwamba bahari yetu ni tajiri. Ni tajiri kweli. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 650, na waliohesabu matumbawe magumu humo walipita spishi 250. Lakini utajiri wa viumbe wadogo haujulikani, hautetewi wala hautumiki mpaka upite kwenye meza ile ya hadubini. Mtwara na Lindi tuna miamba. Meza ndiyo tunayokwenda kuazima kwa wengine, na hapo ndipo ninapoona tunapunjika.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Nenda ufukwe wa Shangani, Mtwara, asubuhi, funua mwani uliooza, utaona vidudu vya rangi ya mchanga vikirukaruka kukimbia mwanga. Hao ni amfipodi. Jamaa zao wa majini wanaishi kwenye nyufa za matumbawe, ndani ya sponji, kwenye mwani, na wengine ndani ya miili ya wanyama wakubwa zaidi kama wapangaji. Mwili wa amfipodi umebanwa toka ubavuni, ndiyo maana ukimlaza kwenye kioo hulala upande. Kifuani ana jozi saba za miguu, na mbili za mbele zimegeuka mikono ya kukamatia. Spishi zilizokwisha kupewa majina zimepita 10,000, na hilo ni kundi moja tu. Wapo isopodi, wapo kopepodi, wapo kamba wadogo wanaotoa ule mlio wa kutatarika unaousikia ukizamisha kichwa mwambani.

Wingi wao unashangaza hata waliozoea. Mwaka 2011 watafiti waliokusanya krasteshia kwenye vichwa vya matumbawe yaliyokufa, katika bahari mbalimbali za dunia, walipata spishi 525 kutoka eneo ambalo kwa jumla lilikuwa mita za mraba 6.3. Mwaka uliofuata kundi jingine la wataalamu lilikadiria kuwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya spishi za baharini huenda hazijaandikwa na mtu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama miamba ya Msimbati ina krasteshia wasio na jina, sioni cha kubishania. Bahari hii ilimficha hata silikanti, samaki mwenye urefu wa zaidi ya mita moja. Wa kwanza kuripotiwa Tanzania alinaswa karibu na Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003. Aliyejificha akiwa na ukubwa ule, mwenye milimita tatu atashindwaje?

Kazi yenyewe inaanza na ndoo. Niliitazama ikifanyika Msimbati, maji yakiwa yametoka. Kijana mmoja aliokota kifusi cha tumbawe lililokufa, ukubwa wa ngumi mbili hivi, kimejaa matundu na mwani, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bahari yaliyotiwa mafuta ya karafuu kidogo. Karafuu huwalegeza wanyama, na wakilegea huachia mashimo yao. Akakisuuza kifusi, akayapitisha maji kwenye chekeche la matundu ya nusu milimita. Kilichobaki juu ya wavu kilikuwa uji wa kijivu: mchanga, vipande vya mwani, na vitu vilivyokuwa vikitikisika.

Mama mmoja aliyekuwa akichokoa pweza alisimama kututazama, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta nini kwenye mawe yaliyokufa?"

"Vidudu, mama."

"Vimo tele. Kaa anavifuata, pweza anamfuata kaa, na mimi namfuata pweza." Akacheka. "Ila jiwe mkishalipindua, mlirudishe. Msiliache chali."

Msiliache chali. Hilo ni sharti linalotajwa pia katika miongozo ya watafiti wa pwani, maana wanyama wa upande wa chini wa jiwe hufa kwa jua. Mama yule hakulisoma popote.

Kabla ya lolote jingine, kijana aliandika lebo. Aliandika kwa penseli, kwa kuwa ethanoli huyeyusha wino wa kalamu za kawaida: mahali, kina, tarehe, aina ya kifusi, jina la aliyeokota. Karatasi ikaingia ndani ya kichupa pamoja na mnyama, haikubandikwa nje. Kichupa kisicho na lebo ni takataka, hata kama aliyemo hajaonwa na binadamu mwingine. Na ethanoli lazima iwe kali, asilimia 95, kama unataka kusoma vinasaba baadaye. Fomalini huhifadhi umbo vizuri lakini huharibu DNA. Nipa, pombe yetu kali ya mabibo, pamoja na sifa zake zote, haifikii kiwango.

Hapo ndipo bahari inapoishia na meza inapoanza. Mtaalamu anamlaza mnyama kwenye tone la gliserini na kwa sindano nyembamba anamvua viungo kimoja kimoja: papasio za kwanza na za pili, taya, vipande vya mdomo, mikono miwili ya kukamatia, miguu mitano iliyobaki ya upande mmoja, vipigamaji vya tumboni, viungo vya mkiani. Kila kiungo kinakwenda kwenye kioo chake na kuchorwa. Kinachotafutwa ni vitu vidogo mno: idadi ya miiba kwenye ukingo wa kiganja, kama kidole kimepinda au kimenyooka, kama unywele fulani una manyoya au hauna. Kisha inakuja sehemu inayochosha watu wengi kuliko zote, ya kusoma kila kilichowahi kuandikwa kuhusu jenasi yake, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, tangu mwaka 1758, ambao majina ya kisayansi ya wanyama huanza kuhesabiwa kutoka orodha ya Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden. Mengine yako kwa Kijerumani, mengine kwa Kifaransa, mengine yana mchoro mmoja hafifu wa mwaka 1890 na kitu. Ukimkosa mmoja kati ya hao wa zamani, utaita mpya mnyama aliyekwisha kuitwa.

Imetokea mara nyingi mno. Isopodi wa kundi la gnathidi wanapokuwa wachanga hunyonya damu ya samaki na kuvimba tumbo. Wakikua madume hupata kichwa kipana chenye mataya makubwa na hawali tena. Wataalamu wa zamani waliwaweka mchanga na dume katika jenasi tofauti kabisa, mpaka katikati ya karne ya 19 ilipobainika kwamba ni mnyama yuleyule katika umri tofauti. Leo vinasaba vinasaidia. Kipande kimoja cha jeni kiitwacho COI, chenye herufi zipatazo 650, kinatosha mara nyingi kuonyesha kwamba mchanga huyu na dume yule ni wa spishi moja, au kwamba wawili wanaofanana kama pacha hawana undugu wa karibu. Lakini vinasaba peke yake haviandiki spishi. Vinakuambia kuna tofauti. Ni nani aliye tofauti na nani aliyekwisha kupewa jina, hilo linarudi kwenye sindano na mchoro.

Ndiyo maana kazi hii ni ya polepole kiasi cha kuudhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikokotoa muda ambao kielelezo, yaani mnyama aliyehifadhiwa, hukaa kwenye kabati tangu kukusanywa hadi kuandikwa rasmi kuwa spishi mpya. Wastani ulikuwa miaka 21. Mtoto aliyezaliwa siku kichupa kinawekwa rafuni anaweza kuwa amemaliza chuo kabla mnyama hajapewa jina. Mara nyingi kisababishi ni kimoja: wa kumtazama mnyama huyo hayupo.

Sasa nijibu swali ambalo najua linamkera msomaji wa Mikindani au Kilwa Kivinje. Mvuvi anarudi na nusu ndoo ya dagaa, nyie mnahesabu manyoya ya mdudu?

Nitaanza na gnathidi haohao wanyonya damu. Kule kisiwa cha Lizard, Australia, mtafiti aliyechunguza samaki wasafishaji, wale wadogo wenye mstari mweusi wanaowatembelea samaki wakubwa mwambani, alikuta kila mmoja anakula vimelea wapatao 1,200 kwa siku, wengi wao gnathidi. Huo ni mzigo ambao changu na chewa wangebaki nao ngozini. Kwa upande mwingine amfipodi na kopepodi ndio chakula cha samaki wachanga na wa samaki wengi wadogo wa mwambani. Anayetaka kujua kwa nini mwamba mmoja unazaa samaki na mwingine hauzai hawezi kuanzia kwenye samaki.

Lipo jambo jingine ambalo kwa pwani yetu nalipa uzito zaidi. Kamba wengi na kaa huachia watoto wao majini, wanachukuliwa na mkondo kwenda mbali. Amfipodi hafanyi hivyo. Jike hubeba mayai kwenye mfuko chini ya kifua, na watoto wakitoka wanakuwa tayari na umbo la wazazi wao, wanabaki jirani na walipozaliwa. Hawana safari ya utotoni. Matokeo yake ni mawili. La kwanza, jamii inaweza kukaa peke yake mwambani kwa vizazi vingi mpaka ikawa spishi isiyopatikana kwingine. La pili, mwamba ukilipuliwa kwa baruti, hakuna watoto watakaoletwa na maji kutoka mbali kuja kujaza pengo. Changu anaweza kurudi. Huyu harudi, au anachelewa sana.

Ushahidi wa kuchelewa huko uko Ufaransa. Machi 1978 meli ya mafuta Amoco Cadiz ilipasuka pwani ya Brittany, na katika ghuba ya Morlaix amfipodi wa jenasi ya Ampelisca, waliokuwa wamejaa mchangani chini ya maji, wakatoweka karibu wote. Wanyama wengine walirejea mapema. Ampelisca ilihitaji zaidi ya miaka kumi. Wafaransa wanalijua hilo kwa sababu moja ya kawaida kabisa: kabla ya ajali kulikuwa na watu waliokuwa wakichota mchanga pale na kuhesabu, spishi kwa spishi. Wangeanza kuhesabu baada ya mafuta kumwagika, wangeandika kwamba ghuba ya Morlaix haina Ampelisca, wakafunga daftari.

Hapa kwetu gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na tangu 2015 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba. Sisemi gesi imeharibu mwamba. Sina msingi wa kusema hivyo. Nasema kwamba siku mtu akidai imeharibu, au kampuni ikidai haijaharibu, swali la kwanza la hakimu mwenye akili litakuwa: kulikuwa na nini kabla? Baruti nayo ina swali lilelile. Tumelalamikia uvuvi wa mabomu miaka na miaka, na tunaonyesha matumbawe yaliyobomoka kwa sababu yanaonekana kwa macho. Waliokuwa ndani ya matumbawe hatuwezi kuwadai, kwa kuwa hatukuwaandika.

Bandari pia. Mwaka 2015 mtaalamu wa Marekani, James Thomas, aliandika spishi mpya ya amfipodi kutoka miamba ya Raja Ampat, Indonesia. Mnyama huyu anaishi ndani ya kiumbe laini kinachojibandika mwambani, kinachovuta maji kwa tundu moja na kuyatoa kwa jingine. Thomas alimwita Leucothoe eltoni, kwa heshima ya mwanamuziki Elton John, kwa kuwa kiungo kimoja kikubwa cha mnyama kilimkumbusha viatu vikubwa alivyovaa msanii huyo katika filamu ya Tommy. Magazeti ya dunia yalikamata hapo, kama yalivyofanya mwaka 2012 kwa gnathidi wa Karibi aliyepewa jina la Bob Marley. Viatu vikaimeza habari yenyewe. Amfipodi huyohuyo alikuwa tayari amehamia Hawaii, ambako si kwao, na alikuwa ameorodheshwa huko kwa jina la spishi nyingine. Thomas alifuatilia na kuona kwamba huenda alifika mwaka 1992 na gati linaloelea la kukarabatia meli, mali ya jeshi la wanamaji la Marekani, lililokokotwa kutoka Subic Bay, Ufilipino. Mpaka alipochorwa na kuandikwa vizuri, mgeni alikuwa amekaa Pearl Harbor akihesabiwa kuwa mwingine.

Meli zinaingia Mtwara tupu kuja kuchukua korosho na makaa ya mawe. Meli tupu huja na maji tumboni ili isimame sawa, na maji hayo hayaji bila wakazi. Kati ya wanyama walio leo kwenye nguzo za gati letu, nani wa hapa na nani kashuka na meli? Jibu linahitaji orodha ya wenyeji, na orodha inahitaji mtu aliyekaa mezani.

Hapa naomba tuhame baharini kidogo, twende Tendaguru, kwa sababu Lindi imewahi kupitia jambo hili kwa kiwango kikubwa kuliko mkoa wowote wa nchi hii. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria, ikabebwa kwa vichwa na mabega ya watu wetu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, ikapanda meli kwenda Berlin. Mmoja wao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama kwenye jumba la makumbusho la huko tangu 1937. Mwaka 1914 alipewa jina la brancai, kumuenzi Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa jumba hilo. Mwingine aliandikwa mwaka 1919 kwa jina la lettowvorbecki, na kila aliyesoma historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusini mwa Tanzania anajua huyo Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa nani. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alisubiri mpaka 2007 ndipo dinosaria mmoja akaitwa bohetii. Mohammadi Keranje, aliyeongoza uchimbaji wa mabaki mengine, alisubiri mpaka 2019: Wamweracaudia keranjei, jina la Wamwera na la kwake pamoja.

Majina hayo mawili yalinifurahisha. Hata hivyo nadhani ugomvi wa majina unatupotezea muda. Jina ni zawadi ya aliyeandika. Anaweza kumpa mchimbaji, mke wake au mwanamuziki, na kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazimzuii. Kitu chenye nguvu ni kingine. Kanuni hizo, kwa spishi zinazoandikwa tangu mwaka 2000, zinataka mwandishi ataje kielelezo, kwa kawaida kimoja, ambacho ndicho kitakachobeba jina, holotaipu, na aseme kitahifadhiwa kwenye makusanyo gani. Haziulizi makusanyo hayo yako nchi gani. Kuanzia siku hiyo, yeyote anayetaka kuhakikisha kama mnyama wake ni spishi ileile anakifuata kielelezo kile. Anapanda ndege, au anaandika barua kuomba kuazimwa. Mwanafunzi wa Mtwara atakayetaka kujua kama amfipodi wa Msanga Mkuu ni yule aliyeandikwa kutoka Msimbati anaweza kulazimika kuomba viza ya Ulaya ili akamtazame mnyama aliyeokotwa mwendo wa daladala kutoka kwao.

Wilaya zetu zinajua maana ya kuuza korosho ghafi kisha kununua iliyobanguliwa. Kichupa kinachoondoka Mtwara na lebo ya penseli ni korosho ghafi.

Lakini siungi mkono kilio cha "virudishwe vyote". Ethanoli huvukiza. Kichupa kisichokaguliwa hukauka, na amfipodi aliyekauka huvunjika akiguswa. Holotaipu iliyokauka kwenye stoo ya Mtwara ni hasara kubwa kuliko holotaipu iliyotunzwa London. Wala ng'ambo si peponi: Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, yaliteketea kwa moto, na vielelezo vya mamilioni vikaondoka usiku mmoja. Somo ninalolichukua kwa vyote viwili ni kutawanya. Spishi mpya mara nyingi huandikwa kutokana na wanyama kadhaa wa aina moja. Mmoja anakuwa holotaipu, waliobaki wanaitwa parataipu. Holotaipu ikae palipo na mtunzaji wa uhakika, hata kama ni ng'ambo. Parataipu zirudi, nusu yake angalau, pamoja na vioo vya viungo, michoro na herufi za vinasaba. Hilo halihitaji ghorofa. Linahitaji kabati la chuma, chumba chenye kivuli, hadubini mbili, na mshahara wa mtu mmoja.

Mshahara ndio wenye utata. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Unguja, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ina kituo chake cha bahari Dar es Salaam, na wote wana kazi za kuwatosha. Mgeni anayekuja kufanya utafiti lazima apitie COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kupata kibali. Sharti la kurudisha parataipu na kumfundisha kijana mmoja wa hapa kuchambua na kuchora linaweza kuwekwa kwenye kibali hichohicho, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa unaotumika tangu 2014, ilitungwa kwa roho hiyo ya kugawana kinachopatikana. Wapo watakaosema masharti yatawafukuza watafiti. Wengine yatawafukuza. Waliobaki ndio tunaowahitaji, na kwa uzoefu wangu wengi wao wana njaa ya mtu wa hapa wa kumwandikia barua pepe kumuuliza, "Hebu nipatie wengine watatu kutoka jiwe lilelile."

Atakayeniambia kwamba mkoa huu hauwezi kulea utaalamu wa vitu vidogo namna hiyo, nitampeleka Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara. Pale watu wamekaa miongo mingi wakichunguza ukungu usioonekana na mbu wa mikorosho mwenye urefu wa milimita chache. Hakuna mkulima wa Newala au Tandahimba anayeuliza ubwiriunga, ukungu huohuo, una faida gani kuujua. Tulijenga kituo, tukasomesha watu, kwa sababu korosho ilikuwa na bei. Mwamba nao una bei, ila inalipwa kwa pweza, changu na kamba kochi, na risiti haina jina la amfipodi.

Kuna sababu nyingine ya kuweka meza hapa na si kwingine. Mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki kuvuka Bahari ya Hindi unagonga Afrika karibu na mpaka wetu na Msumbiji, kisha unagawanyika: tawi moja linapanda kaskazini kupitia pwani yote ya Tanzania, jingine linashuka kusini. Wanyama wanaosafiri na maji hufika hapa kwanza. Wasiosafiri, kama amfipodi, wanabaki kama wenyeji wa kila mwamba. Ukitaka kuwalinganisha wageni na wenyeji katika upande huu wa bahari, ni vigumu kupata kituo bora kuliko Ghuba ya Mnazi.

Nikipewa nafasi ya kumpangia kazi kijana huyo wa kwanza, nitamkataza kutafuta spishi mpya kwa muda mrefu. Aanze na wa kawaida, wale wanaojaa chekeche kila mara. Awachore, awahifadhi, apeleke vipande vya miili yao kusomwa vinasaba, aandike lini majike yana mayai na lini hayana. Bila wa kawaida walioandikwa sawasawa, hatakuwa na cha kumlinganishia yule wa ajabu siku atakapomwona. Aanze Shangani na Msanga Mkuu, ambako hahitaji mitungi ya hewa: bamvua likitoa maji, anaingia kwa miguu na ndoo yake.